Nguo za aliyepigwa risasi zisifuliwe

Mtu akiuawa kwa risasi mitaani kwetu Nairobi, jamaa hukimbilia maji. Damu ioshwe, marehemu asitirike kabla ya watu kujaa. Ni heshima, naielewa. Lakini katika kusindikiza familia mochari nimeona kesi zikifia kwenye beseni. Mama mmoja wa Huruma alileta jaketi ya mwanawe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Tundu lilikuwepo, masizi hayakuwepo. Mshukiwa akasema alifyatua kwa mbali, na hapakuwa na cha kumpinga.

Mtutu ukiwa karibu, masizi na chembe za baruti hunasa kwenye kitambaa. Ukiwa mbali, hubaki tundu tupu. Kwa hiyo waambie wahudumu wa mochari mapema wasitupe nguo, wala mwili usioshwe au kutiwa dawa kabla ya upasuaji wa maiti. Nguo zikiwa mbichi zianikwe kivulini, kila moja iingie mfuko wake wa karatasi, maana plastiki huleta ukungu. Mkabidhi mpelelezi, naye aandike kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu kuharakisha maziko. Ombeni upasuaji asubuhi na mapema, mkimhusisha imamu; msiukwepe.

Mnaweza kuomba daktari wenu awepo. Ombeni pia eksirei ipigwe kwanza, kwani risasi huingia kifuani ikaja kupatikana kiunoni. Tundu la kuingilia kwa kawaida ni dogo, lenye ukingo uliochubuka, na la kutokea huchanika. Ila mtutu ukigusa fuvu, hata la kuingilia hupasuka kama nyota, basi msigombane na daktari kwa picha ya simu.

Kwa nini kung'ang'ania kipande cha risasi? Kwa sababu bunduki za mitaani hukodishwa. Kijana anayejigamba na bastola Facebook huenda ameikodi kwa usiku mmoja tu, na kesho iko kwa mwingine. Juni 2021 serikali iliteketeza bunduki haramu zaidi ya 5,000 huko Ngong, na biashara haikukoma. Mifereji iliyo ndani ya mtutu huchora mistari kwenye risasi, na wataalamu wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hulinganisha mistari hiyo kwa hadubini na ya risasi waliyoifyatua kwa majaribio. Hivyo bunduki moja huweza kuunganisha vifo vya mitaa tofauti. Bunduki za kuundwa kwa bomba hazina mifereji. Hapo tegemeo ni ganda la risasi linalobaki baada ya kufyatua, lenye alama ya pini iliyoligonga. Ukiliona chini, usiliokote. Mwite mpelelezi.

Aliyefyatua akiwa polisi, ripotini pia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye wapelelezi wake.

Risasi ikitolewa mwilini, itiwe kwenye bahasha, ifungwe na kutiwa sahihi mbele ya mwakilishi wenu. Andikeni jina la daktari na la afisa aliyeondoka nayo.