Ile 1966 mgongoni mwa mdoli siyo mwaka aliotengenezwa

SWALI: Shikamoo kaka, kama umenizidi. Mimi nauza mitumba pale Mlango Mmoja, Mwanza. Juzi nimefungua belo la midoli nikakuta mdoli mmoja mweusi, nywele nyingi, gauni la kung'aa. Chini ya mgongo kaandikwa Mattel, 1966, Malaysia, na kichwani nyuma chini ya nywele kuna 1987. Kuna dalali kaniambia huyo ni mdoli wa Diana Ross, yule mwimbaji wa Marekani, wa mwaka 1966, na ana mzungu anamtafuta kwa milioni nane, ila kwanza nilipie laki na nusu ya cheti cha kuthibitisha. Alafu miguu inanata na ina madoa ya bluu, fundi mmoja kanishauri nimloweke kwenye jiki usiku kucha. Nifanyeje? Dada wa Igoma.

JIBU: Marahaba dada yangu. Laki na nusu usitume. Na jiki irudishe chooni kwenye kazi yake. Sasa tuongee taratibu.

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha wasapu ya mdoli kageuzwa mgongo, hata salamu hamna, chini kaandika tu "kaka, 1966!!" Nimekunywa chai nyingi nikieleza hili jambo na bado linarudi vile vile, kwa hiyo leo naliandika lote nisiulizwe tena (najua nitaulizwa).

Huo mwaka ni wa kusajili haki ya muundo wa mwili. Mattel, kampuni inayotengeneza Barbie, mwaka 1966 waliandikisha mwili mpya wenye kiuno kinachozunguka, mdoli mwenyewe akaingia sokoni 1967, na ile alama ikawa imechongwa ndani ya kalibu. We si umewaona mafundi tofali kule Kisesa? Fundi akitengeneza kalibu lake akachonga 2005 ndani yake, basi tofali atakalopiga leo asubuhi litatoka limeandikwa 2005, na hakuna mtu atakayesema hili tofali lina miaka ishirini wakati bado bichi. Ndo hivyo hivyo. Mwili ule wa 1966 waliendelea kuutoa miaka nenda rudi, miaka ya 90 bado wanautoa na 1966 yake pale pale chini ya mgongo.

Tena na wako ana ushahidi mzuri kuliko wengi, kwa sababu kichwani una 1987! Sasa mdoli wa 1966 kapataje kichwa cha 1987, au walimwacha anatembea bila kichwa miaka ishirini na moja wakisubiri? Dalali wako akakwambia nini kuhusu hiyo 1987? Nadhani alikwambia usiijali. Sheria ni rahisi, ukikuta miaka miwili kwenye mdoli mmoja, ule wa karibuni ndio unaokwambia hawezi kuwa mkubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo huyu katengenezwa 1987 au baada ya hapo, na kwa picha ulizotuma mimi namweka miaka ya 90.

Alafu angalia nchi. Watu wanaruka hii na ndio ina maana zaidi. Barbie wa mwanzo kabisa walitoka Japan, na wa miaka ya 60 kwa kawaida utakuta kaandikwa Japan. Malaysia ilikuja baadaye sana. Ukiona 1966 na Malaysia kwenye mgongo mmoja, tulia, rudisha moyo mahali pake.

Kuhusu Diana Ross sasa. Midoli ya mastaa ina historia yake, siyo kwamba kila mdoli mweusi mwenye nywele nyingi na gauni la kumetameta ni Diana Ross, jamani, mbona tunawadharau wanawake weusi wote duniani kwamba wanafanana? Mdoli wake anayetafutwa sana ni wa kampuni ya Mego, wa 1977, na kampuni hiyo ndiyo iliyotoa mdoli wa mwimbaji Cher mwaka 1976. Kabla yao kampuni ya Ideal nao walimtoa 1969, mdoli mkubwa kuliko Barbie. Mattel walikuja kumtoa Diana Ross wao miaka ya 2000, na huyo aliuzwa kama mdoli wa kabatini, boksi zuri na kila kitu. Wako kaandikwa Mattel, siyo Mego wala Ideal, na kwa picha ni wa miaka ya 90, kwa hiyo hayumo kwenye hilo kundi hata kwa bahati mbaya. Ni Barbie mweusi wa kawaida au rafiki yake Christie, ambaye yupo tangu 1968. Barbie mweusi mwenye jina lenyewe la Barbie alianza 1980.

Na nikuongezee kitu ambacho dalali wako hakijui, maana angekijua angekitumia kukupiga vizuri zaidi. Mattel walitoa mdoli wa staa mweusi kweli, anaitwa Julia, 1969, alitengenezwa kwa sura ya mwigizaji Diahann Carroll aliyeigiza nesi kwenye tamthilia ya televisheni. Na huyo Julia halisi, wa Japan, mwili wake una 1966! Umeona sasa? Alama ile ile iko kwa mdoli wa 1969 mwenye thamani na iko kwa mdoli wa 1992 aliyeuzwa supamaketi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anathibitisha mdoli kwa kusoma 1966 peke yake, huyo hajui, au anajua na anakuibia.

Hizo stori za mamilioni mnazozisikia zinahusu nini? Mara nyingi ni Barbie wa kwanza kabisa, wa 1959, ambaye kwenye nyayo ana matundu na ndani ya matundu kuna mirija ya shaba ya kumsimamishia. Hata huyo lazima awe na hali nzuri, boksi lake, nguo zake, miwani yake. Sisi huku midoli inakuja imebanwa kwenye belo na matedibea yasiyo na macho, boksi litoke wapi? Na hao wa miaka ya 90 hata huko Marekani kwenyewe watu walinunua wale wa Krismasi wakawajaza makabatini wakijua watatajirika, matokeo yake leo wamejaa kila mahali na bei haipandi. Wako unaweza kumuuza kwa bei nzuri kuliko midoli mingine kwenye meza yako, hasa kama gauni ni lake, lakini ni bei ya mdoli, siyo ya kiwanja Buswelu.

Kinachonikera mimi zaidi ni hicho cheti. Dada, mnunuzi ndiye anayetoa hela. Muuzaji hatoi. Ukiona biashara ambayo mwenye mali ndiye anatuma laki na nusu kwa mtu asiyemjua, hapo mali ni wewe. Hivyo vyeti vinachapwa steshenari, lamination buku, mhuri wa mviringo wa rangi ya zambarau, na sahihi ya "Profesa" ambaye ukimuuliza plastiki ya kapu na vinili, ile plastiki laini ya midoli, vina tofauti gani anakata simu. Ni watu wale wale wa rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya kikoloni. Kanda ya ziwa hii nani hajapigiwa simu ya rupia? Na kinachouma ni kwamba sarafu ya dhahabu yenye tembo iliyopigwa Tabora 1916 ipo kweli, kwa hiyo uongo unapanda mgongoni mwa ukweli kidogo. Sasa rupia zimechuja wamehamia kwenye midoli, na mabango, na santuri.

Mwezi uliopita kijana mmoja kaniletea bango la Michael Jackson lenye sahihi, kalinunua kwa hela ya ada. Nikamwambia chukua kioo cha kukuzia, angalia. Sahihi yote ilikuwa vidoti vidoti kama picha yenyewe, yani imechapwa mashineni pamoja na bango. Wino wa kalamu hauna vidoti, unakaa juu ya karatasi na ukilaza bango kwenye mwanga unauona unang'aa tofauti. Dakika moja tu, kioo cha elfu tatu. Kijana alikaa kimya pale kibandani mpaka nikamnunulia soda. Na tangu Michael afariki 2009 kila mdoli wa kiume mwenye jaketi jekundu anaitwa Michael, wakati yule halisi ni wa kampuni ya LJN wa 1984, soma alama kwanza kabla hujalipa.

Na mafundi wa kung'arisha nao ni janga. Nimeona mdoli kafutwa na dawa ya kutolea rangi ya kucha, macho na midomo vyote vikaondoka, kabaki kama yai. Nimeona santuri ya Mbaraka Mwinshehe imesuguliwa na steel wire ya masufuria, mwenyewe anafurahi inang'aa! Ndio, inang'aa, ila haiimbi tena. Kitu cha zamani ukikosea kukisafisha huwezi kurudi nyuma, bora uchafu ubaki.

Miguu ya mdoli wako basi. Kunata siyo uchafu wa nje, ni dawa ya kulainisha plastiki iliyokuwa ndani, inatoka kidogo kidogo miaka inavyokwenda na joto linaikimbiza. Haiponi, unaipunguza tu. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande kidogo, kitambaa laini, kausha, basi. Jiki itakula rangi ya uso na nywele na maji yatabaki ndani ya magoti. Yale madoa ya bluu ni rangi ya nguo imeingia ndani ya plastiki, hayatoki kwa kusugua, yaache. Usimfunge kwenye mfuko wa nailoni, na usimweke juu kabisa karibu na bati maana mchana hapo ni jiko. Boksi la karatasi, chini, kwenye hewa. Na usimfunge na kanga mpya hata kama ni nzuri, kanga inachuja, utamkuta wiki ijayo ana maandishi tumboni. Shuka jeupe la zamani linatosha.