Maswali na Majibu: Vivuli Vitupu kwenye Negativu

SWALI: Natumia filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga), na mita ya mwanga nimeiweka 400. Nikipiga mtu aliyevaa koti la rangi nzito, koti linatoka jeusi tii, halina hata mkunjo mmoja. Nimeongeza dakika 3 za kusafisha filamu kwenye dawa. Koti limebaki vilevile ila mawingu sasa ni meupe pee. Nirekebishe wapi?

JIBU: Rekebisha kwenye kamera. Chembe za fedha ambazo hazikupata mwanga wa kutosha hazina cha kusafishwa, hata filamu ikikaa kwenye dawa muda mrefu. Dakika ulizoongeza zimefanya kazi pale mwanga ulipokuwa mwingi, yaani kwenye mawingu.

Weka negativu hiyo (filamu iliyokwisha kusafishwa) juu ya kioo chenye taa, ulinganishe koti na ule ukanda mtupu kati ya fremu na fremu. Vikifanana, mwanga haukufika. Tazama pia namba za pembeni zilizochapwa kiwandani: zikiwa nyeusi vizuri, usafishaji wako hauna tatizo.

Namba ya kwenye boksi hupatikana maabara, kwa kutafuta mwanga mdogo kabisa unaoifanya filamu izidi ukungu wake (weusi hafifu inaokuwa nao hata bila mwanga) kwa densiti, yaani kipimo cha weusi, 0.10. Hapo ni ukingoni kabisa. Kipimo cha ASA cha Marekani, kilichotangulia ISO, kiliwahi kuwa na akiba ya usalama. Mwaka 1960 ikaondolewa, na filamu nyingi zikapanda namba karibu mara mbili ilhali ni zilezile. Kwa hiyo ukikosea kidogo tu kupima, kinachopotea kwanza ni vivuli.

Weka mita ya mwanga kwenye 200, ili filamu ipate mwanga zaidi. Kisha sogea, upime koti lenyewe peke yake. Mita hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati, kwa hiyo punguza stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu): ikisema 1/30 kwa f/4, piga 1/125 kwa f/4. Koti litabaki jeusi lakini mikunjo itaonekana. Muda wa kusafisha upunguze kwa asilimia 15 hadi 20 ili mawingu yasizibe. Dakika 10 ziwe 8 hivi. Joto la dawa libaki nyuzi 20, na utikisaji usiubadilishe, la sivyo hutajua kipi kimeleta tofauti.

SWALI: Je, filamu ya 3200 itaniokolea vivuli usiku?

JIBU: Kwa kiasi, si kama jina linavyoahidi. Ilford, watengenezaji wa filamu ya Delta 3200, wenyewe wanaeleza kuwa ni ISO 1000 ikisafishwa kwa dawa yao ya ID-11. 3200 hufikiwa kwa kurefusha usafishaji, na hapo kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) hupanda huku vivuli vikibaki na njaa. Mwanga ukiruhusu, ipige kwa 1000 au 1600. Dawa kama Microphen huongeza kasi kidogo, lakini haifiki hata stopu 1. Dawa ya Perceptol iache kwa kazi hii, kwani huifanya picha iwe na chembe laini lakini hupunguza kasi.