Gunia la karanga limejaa: maswali yenu kuhusu kiima na kiarifu cha Kiingereza

Maswali mengi ya safari hii yanahusu jambo moja: watoto wanaotakiwa kugawa sentensi ya Kiingereza sehemu mbili, kiima (yule au kile kinachozungumziwa) na kiarifu (yanayosemwa juu yake). Nimejibu matano.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa darasa la nne aliambiwa apigie mstari kiima kwenye "Yesterday my uncle sold three goats." Kapigia "Yesterday", kakosa. Anasema walifundishwa kwamba kiima hukaa mwanzo. (Mama, Nkuhungu)

Marahaba, mama. Kilichomkosesha ni kanuni aliyopewa. Nami niliifundisha hivyohivyo miaka yangu ya mwanzo kazini, nikawa nasahihisha kwa kalamu nyekundu kosa nililolipanda mwenyewe. Hilo linaniuma hadi leo.

Kiima cha Kiingereza mara nyingi hutangulia kitenzi, lakini si lazima kiwe neno la kwanza. Muulize kwa Kiswahili: "Nani aliuza?" Atasema mjomba. Basi kiima ni "my uncle", maneno yote mawili. Yanayobaki ni kiarifu, pamoja na hiyo "yesterday" iliyokaa mbele, maana inaeleza mbuzi waliuzwa lini.

Nafundisha Kongwa. Kwenye "The bag of groundnuts is full" nusu ya darasa wanasema kiima ni "groundnuts". Nimeeleza mpaka nimechoka. (Mwalimu)

Mwalimu mwenzangu, weka Kiingereza pembeni kwa dakika tano. Andika ubaoni: "Gunia la karanga limejaa." Waulize hiyo li- ya "limejaa" ni ya gunia au ya karanga. Hakuna mtoto hapo atakayekwambia "gunia la karanga zimejaa", sikio lake litakataa. Upatanisho huu aliujua kabla hajashika penseli, na aliyekulia kwenye Kigogo anao vilevile, kwa sababu nacho ni lugha ya Kibantu. Sisi walimu tunaingia darasani kana kwamba mtoto haji na kitu, kumbe kaja na kipimo kizuri kuliko chetu.

Sasa rudi kwenye Kiingereza. Mbona ni "is" na si "are"? Kwa sababu gunia ni moja. Ongeza magunia: "The bags of groundnuts are full." Karanga zimebaki vilevile, kitenzi kimebadilika. Kwa hiyo kitenzi kinafuata gunia.

Kisha wape kitu cha kushika. Mimi hukata maboksi ya sabuni, naandika kila neno kwenye kipande chake. Watoto wanne wanasimama mbele ya darasa wameshika "The", "bag", "of", "groundnuts", na wawili wanafuata na "is" na "full". Mtoto wa saba ana "It". Mwambie awatoe wenzake wanne na kusimama mahali pao, darasa lisome: "It is full." Sentensi iko sawa. Warudishe, kisha mtoe "groundnuts" peke yake, mahali pake aingie mwenye "They". Wakisoma "The bag of they is full" watacheka wenyewe. Fungu zima linaloweza kupokewa na "it", "he", "she" au "they" mbele ya kitenzi ndilo kiima. Njia hii inafaa hata kwenye sentensi ndefu.

Mjukuu wangu anaandika "My mother she is cooking", kesho yake "Is cooking ugali." Ana shida gani? (Babu, Mpwapwa)

Shikamoo babu. Makosa hayo mawili yametoka shina moja, nalo ni Kiswahili chake kizuri. Tunaposema "Mama anapika", hiyo a- tayari inamtaja mama ndani ya kitenzi. Ndiyo maana hata ukimwondoa mama, "Anapika" inabaki sentensi kamili. Mjukuu wako anatafuta pa kuiweka a- hiyo. Siku moja anaigeuza kuwa "she", siku nyingine anadhani imo ndani ya "is".

Kiima cha Kiingereza hukaa nje ya kitenzi, tena mara moja tu. Mwambie achague: "My mother is cooking" au "She is cooking." Asiziweke zote mbili, wala asiache zote mbili. Tafadhali msimwite mzembe. Ila mumsaidie mapema, kwa sababu kidato cha kwanza vitabu vya sayansi na jiografia vitamjia kwa Kiingereza, na asiyejua nani kafanya nini kwenye sentensi atakariri bila kuelewa.

"Close the door!" Kiima kiko wapi? (Mwanafunzi, Bahi)

Ni "you", ila hakitamkwi. Ukiambiwa "Funga mlango!" unajua anayeambiwa ni wewe.

Na kwenye maswali je? "Is the train from Morogoro late?" Halafu kuna "There are two goats under the baobab." (Baba, Chamwino)

Swali ligeuze liwe jibu: "The train from Morogoro is late." Kiima kimejitokeza, nacho ni treni, si Morogoro.

Hiyo ya mbuzi huwatesa wengi. "There" imekaa mahali pa kiima, lakini inatanguliza habari tu. Mwambie mtoto aondoe mbuzi mmoja chini ya mbuyu, aandike upya: "There is one goat under the baobab." Kitenzi kimegeuka kwa sababu idadi ya mbuzi imegeuka. Aanze kupiga mstari hapo, kwenye mbuzi.