Kudumu na vaporaiza ya mkononi: ushauri kwa anayetaka kuinunua na kuitunza

Vaporaiza ya majani makavu ni kifaa cha betri kinachopasha moto majani yaliyokaushwa hadi mafuta yake ya harufu yageuke mvuke, bila majani yenyewe kushika moto. Nimekuwa nikikitumia kifaa cha aina hii kwa miaka kadhaa, hasa kwa lavenda, mnanaa, kamomili na majani ya mkaratusi, na katika muda huo vigezo vyangu vya kukipima vimebadilika karibu vyote. Kasi ya kupata joto, mng'ao wa skrini na kuunganishwa na simu, mambo ambayo matangazo huyatanguliza, leo hayanishughulishi. Ninachokiangalia ni kama kifaa kinafunguka chote kikasafishwa, na kama betri yake ikichoka inaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Kifaa kinachoshindwa katika hayo mawili hakidumu, hata kiwe ghali namna gani.

Kabla ya kuingia ndani, ni vyema kukitenganisha kifaa hiki na sigara za kielektroniki zinazotumia kimiminika, kwa kuwa watu wengi huviweka vyote katika kapu moja. Maradhi ya mapafu yaliyozuka Marekani mwaka 2019, ambayo hadi Februari 2020 yalikuwa yamelaza hospitalini au kuua watu zaidi ya 2,800, yalihusishwa kwa kiasi kikubwa na asetati ya vitamini E iliyochanganywa katika mafuta ya bangi ya kwenye katriji, yaani vikopo vya kimiminika vinavyochomekwa kwenye sigara hizo, wala hayakuhusishwa na majani makavu. Kwa upande mwingine, Donald Abrams na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha mwaka 2007 utafiti uliolinganisha bangi iliyovutwa kama sigara na ile iliyopashwa moto kwa kifaa cha mezani kiitwacho Volcano, na wakaona kwamba waliotumia kifaa walitoa pumzi yenye kaboni monoksidi kidogo sana kuliko waliovuta moshi. Matokeo hayo yanaeleweka, kwa sababu kaboni monoksidi na lami ni mazao ya kuungua, na pasipo na kuungua hupungua mno.

Kupungua si kutoweka, hata hivyo, na ningemsihi msomaji asikichukulie kifaa hiki kama dawa. Jani linalofaa kutiwa kwenye chai si lazima lifae kuvutwa mapafuni, na mwenye pumu, mjamzito au mwenye ugonjwa wowote wa kifua anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kujaribu. Majani yawe yale yanayouzwa kwa ajili ya kuliwa au kunywewa na yasiyopuliziwa viuatilifu. Maua ya mapambo, hata yakiwa na harufu nzuri kiasi gani, yaachwe kwenye chombo chake. Kuhusu bangi, ambayo ndiyo iliyovipa vifaa hivi umaarufu, sheria zinatofautiana mno kati ya nchi na nchi, na mahali pengine hata kifaa kitupu kinaweza kukuingiza matatani, kwa hiyo sheria ya pale ulipo ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Tukija kwenye ununuzi, vifaa hivi hupasha majani kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, kuta za chemba, yaani kitundu cha kutilia majani, ndizo zinazopata joto na kuyapasha majani yanayozigusa; vifaa vya namna hii huwa vidogo na rahisi kutumia, lakini majani ya pembeni huiva mapema kuliko ya katikati, hivyo ni lazima kuyakoroga katikati ya matumizi. Katika njia ya pili, hewa hupashwa moto kwanza kisha ikapita katikati ya majani wakati mtumiaji anapovuta. Ladha yake ni safi zaidi na majani huiva kwa usawa, ila kifaa hudai uvutaji wa polepole na betri yenye nguvu. Viko pia vinavyochanganya njia zote mbili, kama vile Mighty ya kampuni ya Storz & Bickel ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 2014. Kwa anayeanza ningependekeza mchanganyiko huo, au ile njia ya kwanza iwapo mfuko hauruhusu, na ningemshauri atazame zaidi njia ambayo mvuke unapita kutoka kwenye chemba hadi mdomoni. Njia hiyo iwe ya kioo, chuma cha pua au seramiki, na iwe inachomoka. Pale ambapo mvuke unapita ndani ya mwili wa kifaa karibu na nyaya na bodi ya umeme, mafuta yatajikusanya mahali ambapo brashi haifiki, na baada ya miezi michache kila lavenda utakayoiweka itakuwa na harufu ya mafuta yaliyoganda.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni joto. Miongozo mingi hupendekeza takribani nyuzi 130 za Selsiasi kwa lavenda na mkaratusi, na takribani 190 kwa kamomili na zaatari. Msomaji makini atauliza jinsi mkaratusi unavyotoa mvuke kwenye nyuzi 130 ilhali sineoli, kiungo kikuu cha mafuta yake, huchemka karibu na nyuzi 176. Jibu ni kwamba mafuta ya harufu hayangoji kuchemka ndipo yaondoke, kama vile nguo iliyolowa inavyokauka kambani bila maji yake kuchemka; joto huongeza kasi tu. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kukimbilia namba kubwa. Mimi huanza chini, nikavuta mara chache, kisha nikapandisha kwa nyuzi tano au kumi kila harufu inapofifia, na mara nyingi nimekwisha kutosheka kabla ya kufika 190. Majani huanza kuungua yakikaribia nyuzi 230, na vifaa vingi huwekewa kikomo kati ya 210 na 220 kwa sababu hiyo.

Namba iliyo kwenye skrini, tena, si joto la majani. Ni joto la pale kihisi kilipofungwa, ambapo mara nyingi ni kwenye kipashio au ukuta wa chemba, na kati ya hapo na kiini cha majani kuna tofauti inayotegemea jinsi ulivyojaza, unyevu wa majani na kasi ya kuvuta. Ndiyo maana vifaa viwili vilivyowekwa nyuzi 180 vinaweza kutoa matokeo yasiyofanana hata kidogo, na ndiyo maana ushauri wa mtu mwenye kifaa kingine kuhusu namba kamili hauna maana kubwa kwako. Kipimo cha kuaminika ni majani yenyewe baada ya kazi. Yamwage kwenye karatasi nyeupe uyatazame: yakiwa na rangi ya hudhurungi iliyo sawa kote, joto na ujazaji vilikuwa sahihi, yakiwa ya kijani katikati na meusi pembeni, ulijaza kwa kubana mno au hukukoroga, yakiwa na chembe za majivu au harufu ya kitu kilichoungua, shusha joto bila kujali skrini inasema nini.

Kusaga kuna umuhimu wake, ingawa wako wanaouzidisha. Chenga za ukubwa wa kati zinafaa karibu kila kifaa, kwa kuwa unga hupenya chujio na kwenda kukwama kwenye njia ya hewa, nayo majani mazima hayapati joto la kutosha ndani. Kamomili ina tabia yake: vichwa vya maua vikisagwa hutoa vumbi la manjano linaloziba chujio upesi, kwa hiyo mimi huvifikicha kwa vidole tu. Majani yaliyokauka hadi yanavunjika yakiguswa hutoa mvuke mkali unaokwaruza koo, na yenye unyevu hutoa mvuke wa maji kwanza, hivyo chombo cha kioo chenye kifuniko kinachobana, kiwekwe mbali na jua, ndicho hifadhi bora. Kuvuta kuwe kwa polepole, sekunde nane hadi kumi, bila kukaza mashavu. Hakuna faida yoyote katika kuushikilia mvuke kifuani.

Usafi ndio unaotenganisha kifaa cha mwaka mmoja na cha miaka mingi. Baada ya kila matumizi, chemba ikiwa bado na uvuguvugu, igeuze kifaa chini, ukigonge kidogo kwenye kiganja na upitishe brashi kavu ndani. Dakika moja inatosha, na kazi hiyo ikifanywa wakati chemba imepoa masalia huwa yamekwisha kugandamana. Usafi wa kina hufuata pale mvuto unapoanza kuwa mzito. Toa kipande cha mdomoni na chujio, vitie kwenye gilasi yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na ndani ya nusu saa utaona uzi wa kahawia ukishuka kutoka kwenye matundu ya chujio na kutanda chini ya gilasi, kisha chuma kitaanza kung'aa tena. Limulike chujio kwenye taa: kila tundu liwe linapitisha nuru, na lililoziba lichokonolewe kwa sindano. Suuza kwa maji ya moto na uache vikauke kabisa.

Mwili wenye betri hauloweshwi kamwe. Chemba hufutwa kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kidogo, kifaa kikiwa kimezimwa na hakiko kwenye chaji, kwa sababu mvuke wa alkoholi hiyo unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Hapo kiache kikae wazi kwa saa kadhaa, kisha ukiwashe kikiwa kitupu kwenye joto la juu mara moja kabla ya kutia majani. Vipande vya plastiki ya akriliki visiwekwe kwenye alkoholi, maana hupata nyufa, na mipira ya kuzuia hewa ioshwe kwa maji na sabuni kwa kuwa alkoholi huivimbisha. Nunua mipira na machujio ya akiba siku ileile unayonunua kifaa. Ni vitu vya bei ndogo, lakini modeli ikishaondolewa sokoni huwa adimu, na nimelazimika kuweka kando kifaa kizima chenye kipashio imara kwa kukosa mpira mmoja mwembamba.

Betri za lithiamu huchakaa hata zisipotumiwa. Nyingi huanza kupungua uwezo kwa namna inayoonekana baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji, na joto la kifaa chenyewe huharakisha mambo, kwa hiyo usikichaji mara tu baada ya kukitumia. Kiache kipoe kwanza. Kikikaa muda mrefu bila kazi, kihifadhiwe kikiwa na karibu nusu ya chaji, mahali pasipo joto. Ikiwa kinatumia betri ya kuchomoa, ambayo aghalabu ni ya aina ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ile ya akiba ibebwe ndani ya kikasha chake cha plastiki, kwani ikikutana na funguo au sarafu mfukoni inaweza kupiga shoti na kulipuka. Gamba lake la nje likichanika, lisizibwe kwa gundi ya karatasi. Weka gamba jipya au uitupe betri kwenye kituo cha kukusanyia betri chakavu. Betri iliyovimba haijadiliwi: isichajiwe tena. Kwa wasafiri wa ndege, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipiga marufuku mwaka 2015 kuweka vifaa vya namna hii kwenye mizigo inayokabidhiwa, kwa hiyo huenda navyo kwenye mkoba wa mkononi, vikiwa vimezimwa na kusafishwa, na ni marufuku kuvichaji ndani ya ndege.

Programu za simu sizipendekezi. Faida yake kubwa ni kupanga joto kwa nyuzi moja moja, usahihi ambao, kama nilivyoeleza, majani hayaujui, na programu ikiachwa bila masasisho baadhi ya vipengele ulivyovilipia huacha kufanya kazi kabla ya kipashio kuchoka. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye kipande cha kioo cha ziada na betri ya pili. Anayenunua kilichotumika aombe kuona kifaa kikiwashwa hadi joto la juu kikiwa kitupu, anuse hewa inayotoka, na aangalie kama kina sauti ya kitu kinachotikisika ndani. Akikuta harufu ya plastiki inayoungua au skrini inayozima ghafla betri ikionyesha kuwa bado ina chaji, amrudishie muuzaji kifaa chake.