Kuhusu hela ya matumizi kuisha tarehe 20

Pole dada, umeuliza ufanyeje, hela ya matumizi ni laki mbili kwa mwezi, mko watu watano, na ikifika tarehe 20 unaanza kukopa dukani kwa Mangi. Kwanza achana na kununua kwa vipimo vidogo vidogo, mafuta ya mia tano mia tano kila jioni ndo yanakumaliza, ukijumlisha hiyo lita unainunua bei ya juu kuliko ya chupa. Mshahara ukitoka tu, kabla hela haijalala, chukua vikavu vya mwezi mzima, mchele, maharage, mafuta, sukari. Ongea na majirani wawili watatu mchange mkachukue gunia soko la Tandale, hapa Dar, na nauli mgawane. Nyanya na vitunguu chukua soko la Mabibo, asubuhi.

Mahindi nunua msimu wa mavuno, mwezi wa 6 wa 7 hivi, usage dona, ila yenye ukungu usichukue hata ukipewa bure, sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi kwa kupika. Dagaa na maharage usiwapunguzie watoto, punguza soda. Mtoto akianza kupungua uzito mpeleke kliniki mapema.

Na hiyo mikopo ya kausha damu unayoifikiria, ile ya mtaani yenye riba kubwa, hapana dada, riba yake itakula mpaka matumizi ya mwezi ujao.