Kabla hujanunua poti, pima mguu wa mtoto

Kijana wangu alibana choo siku nne. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, wakati huo tumepanga Forest, hapa Mbeya, nyumba yenye choo cha kukaa ndani. Jioni ya siku ya nne nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, amekunja ngumi, uso umemwiva, vidole vya miguu vimejikunja. Kila nilipomsogelea alilia, "Sitaki, mama, sitaki." Nilidhani anakataa kufundishwa. Kumbe alikuwa anakiogopa kiti nilichomnunulia kwa mikono yangu.

Kilikuwa kile kiti cha plastiki cha kupachika juu ya sinki la choo la watu wazima, chenye picha za wanyama na mto laini. Nililipa shilingi 25,000 kwa sababu kilipendeza, na muuzaji aliniambia kinakaa kwenye sinki la aina yoyote. Juu ya sinki letu kilikuwa kinacheza. Mtoto akiegemea kidogo tu, kinateleza upande. Miguu yake inaning'inia, mikono imeng'ang'ania kingo, chini yake maji. Hata wewe na mimi tukipandishwa juu ya ukuta, miguu ikiwa hewani, tukaambiwa tujisaidie hapohapo, hakitatoka kitu.

Nilimpeleka kliniki. Muuguzi alimpapasa tumbo taratibu, akaangalia kadi yake, kisha akaniuliza: "Akikaa, miguu inakanyaga wapi?" Sikuwa na jibu.

Alinieleza jambo ambalo natamani kila mzazi alijue kabla hajatoa pesa yake. Misuli inayofunga njia ya haja kubwa hulegea mtu akiwa ametulia, amekanyaga mahali imara, na magoti yamepanda juu kidogo ya nyonga. Ndiyo maana wazee wetu waliochuchumaa hawakuhangaika sana. Mtoto anayening'inia hukaza mwili mzima asidondoke, na akikaza mwili, hata njia nayo imekaza. Akibana leo, utumbo unaendelea kufyonza maji kwenye kinyesi, kwa hiyo kesho kinakuwa kigumu. Kikitoka kinamuumiza. Keshokutwa anabana tena, safari hii kwa sababu anayakumbuka maumivu. Mzunguko huo ukishaanza, kumfokea mtoto ni kuuzidisha.

Kijana alipewa dawa ya kulainisha choo, nami nikaelezwa namna ya kumlisha. Huku kwetu hatuna kisingizio kwenye hilo: parachichi la Rungwe lipo, papai linapanda kutoka Kyela, maharage yako kila nyumba. Nilipunguza maziwa, maana alikuwa anakunywa mengi mpaka chakula anakisukuma pembeni, nikaongeza maji. Na niseme hapa wazi: majirani wawili walinishauri nimwingizie kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa. Usifanye hivyo. Sabuni inaunguza na kuchubua ndani, na mtoto mwenye hofu unamwongezea hofu nyingine. Akipitisha siku kadhaa bila choo na tumbo limejaa, au ukaona damu, au anatapika, mpeleke akaonwe.

Kile kiti tulikiweka juu ya kabati. Tukamrudishia pampasi wiki tatu nzima, bila lawama, bila hata kulitaja neno choo.

Mara ya pili nilinunua poti ya kuweka sakafuni, sokoni Mwanjelwa, kwenye meza ya vyombo vya plastiki, kwa shilingi 7,000. Safari hii nilikwenda na kipande cha uzi mfukoni. Nilikuwa nimemkalisha kijana kwenye kigoda nyumbani, nikapima kutoka nyuma ya goti hadi kwenye kisigino, nikafunga fundo. Poti inatakiwa iwe fupi kidogo kuliko fundo hilo, ili nyayo zote mbili zilale chini na magoti yapande. Kwa kijana wangu uzi ulifika sentimita 21, nikachukua poti yenye kimo cha 18. Wauzaji wengi watakuacha upime ukiwaomba vizuri, na wengine watakuuliza mtoto ana umri gani ili wakuchagulie. Umri haukusaidii hapa. Watoto wa miaka miwili wanatofautiana miguu kama watu wazima wanavyotofautiana.

Baada ya kimo, angalia kitako cha poti. Kiwe kipana kuliko mahali pa kukalia. Iweke chini, bonyeza ukingo mmoja kwa kiganja kama mtoto anavyoegemea akitaka kuokota kitu. Ikinyanyuka upande wa pili, iache hapohapo. Sakafu zetu nyingi ni za saruji iliyosuguliwa au vigae, na zikilowa kidogo poti inateleza, hivyo yenye raba chini ni bora. Isipokuwa na raba, tandika chini yake kipande cha mkeka au gunia lililokunjwa.

Pitisha kiganja kwenye kingo zote, hasa pale plastiki ilipoungana. Poti za bei ya chini mara nyingi zina mshono mkali unaochubua mapaja. Kwa mtoto wa kiume, angalia ukingo ulioinuka mbele wa kuzuia mkojo usiruke: uwe wa mviringo na usiwe mrefu mno, kwa sababu akikaa kwa haraka anaweza kujigonga pabaya, na akishaumia mara moja hatairudia poti hiyo. Nilimfundisha kijana ajiinamishe mbele kidogo akikaa, na mkojo ukawa unaingia bila shida. Kusimama kulikuja baadaye, kwa kumwangalia baba yake.

Ndani chukua rangi nyeupe au ya kufifia. Nilikuja kuliona hili kuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Kwenye poti nyeupe unaona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, kumbe mtoto hajanywa maji. Unaona kinyesi kina kamasi au damu, unaona minyoo. Kwenye poti nyekundu au ya buluu nzito yote hayo yanakupita.

Kuhusu zile zinazoimba na kuwaka taa, au zenye umbo la gari, nimeona za ndugu na jamaa. Mtoto anaisukuma sebuleni mchana kutwa, na ikifika wakati wa haja haelewi kwa nini gari lake anatakiwa alikojolee. Betri na mkojo havikai pamoja pia. Pesa hiyo nunua chupi sita za ziada.

Mtumba je? Sina tatizo nao. Poti ya plastiki nzito kwenye mtumba mara nyingi ni imara kuliko mpya nyepesi. Ila ikunje kidogo na uiangalie kwenye mwanga: ikiwa na ufa, hata mdogo, iache. Ufa unafinya ngozi, na uchafu unaoingia humo hautoki. Isiyo na ufa isugue kwa sabuni na maji ya moto, iloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini, isuuze vizuri, ianike juani.

Sasa nije kwenye baridi, maana ushauri mwingi unaosambaa unaandikwa na watu wa Dar es Salaam, na huku kwetu Juni na Julai si Dar es Salaam. Mji wa Mbeya uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ni juu zaidi, na kuna asubuhi za sakitu kule Kitulo. Plastiki iliyolala sakafuni usiku kucha, ukimkalisha mtoto saa kumi na mbili asubuhi, anaruka kama kaguswa na barafu. Kijana wangu alikubali poti hiyo siku ya kwanza jioni, akaikataa asubuhi yake. Nilichokifanya ni kushona mfuko mwembamba wa fulana ya zamani wenye lastiki, unaovishwa juu ya kingo, mitatu ya kubadilisha. Siku za baridi kali nilifuta kingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla hajakaa.

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili mtoto apate joto akiwa kwenye poti. Najua tunavyofanya Julai. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, unaua waliolala na waliokaa, na mtoto mdogo unamwahi haraka. Mvishe soksi na sweta, basi.

Nguo nazo zinaamua mengi. Mtoto wa Uyole mwezi wa saba amevaa taiti, suruali, juu yake sweta refu. Akisema "susu", una sekunde chache tu. Ondoa vifungo na zipu, mvalishe suruali moja nzito ya lastiki anayoweza kuishusha mwenyewe, na sweta fupi lisiloingia kwenye poti. Kama mtoto wako hana haraka, mimi ningesubiri Septemba. Baridi imepungua, mvua bado, na nguo kumi zinazolowa kwa siku zinakauka kwenye kamba. Dada yangu aliyeko Tukuyu alianza katikati ya mvua, na alikaa na nguo mbichi ndani mpaka akaacha.

Ila umri peke yake usikusukume. Ninachokiangalia kwa binti yangu, mdogo wa kijana, ni kama anakaa mkavu kwa saa mbili hivi, kama anaenda kujificha akitaka haja, kama anaelewa ukimwambia "lete kiatu", kama anakereka pampasi ikilowa. Wengi hufika hapo kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu.

Mama yangu mzazi hakubaliani nami kwenye hilo. Yeye alitulea kwa namna nyingine: anakaa chini, ananyoosha miguu, anamkalisha mtoto juu ya nyayo zake, mgongo wa mtoto umeegemea miguu yake, kisha anatoa sauti taratibu, "shiiii". Mtoto wa miezi michache anakojoa. Nilimwona akifanya hivyo kwa binti yangu nikasema ni bahati. Si bahati. Mwaka 1977 watafiti Marten deVries na Rachel deVries walichapisha walichokiona kwa Wadigo, watu wa pwani: akina mama walianza mtoto akiwa na wiki chache tu, kwa kumkalisha miguuni na kumtolea sauti, na akifika miezi mitano au sita mtoto alikuwa mkavu kwa kiasi kikubwa mchana na usiku. Inahitaji mtu aliye na mtoto muda wote, anayeujua mwili wake. Mimi natoka nyumbani saa moja asubuhi, dada wa kazi ana mambo mengine, hivyo siwezi. Lakini angalia mama anachompa mtoto: mahali pa joto, mgongo umeegemea, mwili umekunjwa, hakuna kuning'inia. Ndicho ninachokitafuta kwenye poti.

Siku hizi tuko Uyole, na choo ni cha shimo, nje, tunachangia na wapangaji wawili. Hapa poti imekuwa kitu cha usalama. Tundu la mtu mzima ni kubwa kwa mtoto, usiku ni giza, sakafu ina maji. Sijamruhusu mtoto wa miaka miwili aingie kule peke yake hata mara moja. Kwa nyumba kama hii, chagua poti yenye kibeseni cha ndani kinachotoka, na mfuniko, kwa sababu utaibeba ukivuka ua, wakati mwingine kuna mvua.

Kinyesi chote kinaenda chooni, na maji ya kusuuzia vilevile. Nasisitiza kwa sababu bado kuna imani kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara, watu wanakimwaga mferejini au kwenye migomba. Kina vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo kama cha mtu mzima, na watoto ndio wanaochezea hapo mferejini. Poti iwe na brashi yake na ndoo yake, visikutane kamwe na beseni la vyombo. Kisha mikono kwa sabuni, yako na ya mtoto. Wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, asije akapata maambukizi ya mkojo.

Safarini nabeba poti ya zamani ndani ya mfuko, nimeivisha mfuko mwingine wa plastiki ndani. Basi la Iringa likisimama Makambako, mtoto anakaa kwenye kitu anachokijua badala ya kuchuchumaa nyuma ya gari akitetemeka. Mwanzoni mume wangu aliona ni mzigo. Sasa yeye ndiye anayeulizia kama imepakiwa.

Usiku ni habari nyingine kabisa. Mkavu mchana si lazima awe mkavu usiku, na wengi wanaendelea kulowesha kitanda hadi miaka mitano au zaidi bila ugonjwa wowote. Kumwita kikojozi mbele ya wenzake ni ukatili, hata tukisema kwa mazoea.

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi tisa. Nilimpima jana kwa uzi: sentimita 19. Poti ya kaka yake ya 18 inamtosha. Nimeisugua, nimeianika, na kwa sasa anakaa juu yake na nguo zake zote, nyayo zimelala chini, wakati mimi nachambua mboga. Sijamwambia avue chochote.