Shangazi, mume wangu amehamia sebuleni kwa sababu ya pua yangu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nakaa Kisauni na mume wangu na binti yetu wa miezi mitano. Pua yangu ni pana na imelala. Tangu nianguke na bodaboda miaka mitatu iliyopita imepinda kidogo na upande wa kushoto hewa haipiti vizuri, hata usiku nalala kinywa wazi naamka koo limekauka. Mume wangu haniangalii tena. Anaingia zamu ya alfajiri Kilindini, na huu mwezi wa nne analala sebuleni. Mavyaa akimwogesha mtoto humfinya pua akisema, "Tuisimamishe mapema isije ikawa kama ya mamake." Nimepata mahali wanachoma sindano ya kunyanyua pua. Nimeshatoa arbuni ya shilingi 15,000 kwenye pesa zetu za kiwanja, mume hajui. Baadaye nataka upasuaji kabisa. Nilipomgusia alisema, "Mimi nimekuoa na pua hiyo hiyo." Nifanyeje? – Mwenye Pua.

Marahaba mwanangu. Pole. Kusemwa uso wako huku umempakata mwanao kunauma.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na huyo mume mbaya simuoni. Namuona mwanamume aliyeambiwa mkewe anataka kukatwa pua, akajibu kwamba ameioa pua hiyo hiyo. Wewe hilo umelihesabu tusi. Wanawake wangapi wanakesha wakingoja kuambiwa neno kama hilo?

Sasa nikwambie alichoshindwa kukwambia yeye. Mwanangu, unakoroma. Mtu aliyeziba pua akalala kinywa wazi, akaamka koo kavu kila siku, sihitaji kulala kwenu ili nijue. Bwanako anaamka saa tisa usiku akawahi gari la kuvuka daraja la Nyali, na kazi yake bandarini si ya kusinzia. Amebeba mto wake kimya kimya akaenda kwenye kochi kwa sababu ameona haya kukuaibisha. Hakukimbia uso wako. Usiku taa ikizimwa pua pana na pua nyembamba ni sawa.

Mavyaa wako nitamtetea pia. Lile neno la "kama ya mamake" lilikuwa zito, angelimeza. Lakini kumfinya mtoto pua? Hapa Mombasa nani hakufinywa? Mkono una mafuta ya nazi, mtoto kalazwa miguuni, bibi anavuta pua, ananyoosha miguu, anakanda kichwa. Mimi nimewafinya wanangu wote wanne, na kila mmoja ametoka na pua ya ukoo wake. Pua ni mfupa na gegedu, mafuta hayaisimamishi. Mwombe kwa adabu asifinye kwa nguvu, mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua. Kisha mshukuru. Miezi mitano mtu anakuogeshea mtoto, na katika barua nzima hukumpa hata asante.

Tuje kwenye sindano, na hapa nisikilize vizuri. Sindano ile hujaza, haipunguzi. Pua pana haiwi nyembamba kwa kuongezewa kitu. Kinachofanyika ni kunyanyua mgongo wa pua ili jicho lidanganyike, na baada ya miezi kadhaa, ama mwaka hivi, dawa inayeyuka unarudi kulipa tena. Hilo ni la pesa. La kutisha ni kwamba mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa, ngozi ya pua huweza kufa ikawa nyeusi, na jicho huweza kupofuka, na likipofuka hivyo ni nadra sana kuona tena. Hukuniambia anayechoma ni daktari. Ungejua jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari ungeniandikia. Rudi ukadai arbuni yako. Wakikataa kuitoa, bora 15,000 zipotee kuliko jicho.

Upasuaji nao si wa kesho na keshokutwa. Kupunguza matundu hukatwa kipande pembeni mwa pua, na sisi wenye ngozi nyeusi kuna wanaofura kovu kubwa kuliko kidonda chenyewe. Jiangalie masikio ulipotobolewa, kama pamefura jua hilo ni onyo. Kuinua mgongo hutolewa gegedu ndani ya pua, sikioni au kwenye ubavu. Uvimbe wote kuisha hufika mwaka mzima, na wapo wanaorudi kukatwa mara ya pili. Na pua ikibanwa kupita kiasi hupumua vibaya zaidi, wewe ambaye tayari unapumulia upande mmoja! Upande wa dini muulize shehe wako, naye atakuuliza kwanza: ni matibabu au ni urembo?

Hicho kioo chako ni kipi, mwanangu? Kama ni simu, mwaka 2018 madaktari Marekani walipiga hesabu wakaona picha ya kujipiga kwa umbali wa kama sentimita 30 hupanua pua kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya mita moja na nusu. Zamani mwari alikuwa na somo wa kumwambia ukweli chumbani. Ndoa za siku hizi watu wanaulizana na simu. Nyinyi mko nyumba moja, milango miwili, miezi minne, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, "Mbona umehama?" Badala yake umekwenda kutoa pesa ya kiwanja kwa siri. Mficha uchi hazai. Hilo ndilo kosa kubwa katika barua yako, na ni lako.

Kinachohitaji daktari ni ule upande wa kushoto. Nenda hospitali kuu ya Makadara uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie habari ya bodaboda. Huenda ukuta wa kati wa pua ulipinda siku ile, na huo hunyooshwa kwa kukatwa ndani, nje hakuonekani kitu. Huenda ni nyama za ndani zimevimba kwa mzio, ikawa dawa ya kupuliza inatosha. Atakwambia yeye.

Ila kabla hujaenda mwambie bwanako habari ya arbuni, asijeisikia kwa wifi yako. Kisha umwombe siku yake ya mapumziko mwende pamoja, kwa sababu daktari atauliza kama usiku huwa unakata pumzi usingizini, na hilo wewe hulijui. Anayelijua ni yule aliye kwenye kochi.